Minza, Ile Picha Niliipiga Mimi

Minza mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na umesema utachelewa kwa sababu saluni kuna foleni. Mama yako yuko sokoni anakutafutia dagaa wa kufungasha. Bibi yako amejilaza. Nina saa kama tatu za kuandika bila mtu kuniuliza naandika nini, na nimekaa kwenye meza ninayosahihishia madaftari, ingawa leo Jumamosi sina daftari hata moja.

Kesho alfajiri unapanda basi la kwenda chuoni Mbeya. Habari za baridi ya huko, za kuweka nauli sehemu mbili, za kutokula vya njiani, mama yako amekwishakuambia, na nilikusikia ukiitikia "ndiyo mama" mpaka sauti ikachoka. Mimi siongezi hata moja. Nina jambo langu ambalo nimelibeba miaka mitano, na siwezi kukuacha uende kujifunza kuuguza watu ukiwa hujalipata kutoka kwangu mwenyewe.

Ni kuhusu baba yako mdogo Shija, na ile picha.

Nianzie mbali kidogo, maana ulikuwa mdogo na mengine tulikuficha. Unajua Shija alikuwa mpakizi wa pamba. Hapa kwetu, msimu ukifika, kijana mwenye mgongo imara hakosi kazi, na mdogo wangu alikuwa na mgongo ambao wenzake waliuonea wivu. Siku ile alikuwa juu kabisa ya lori, magunia yamepangwa kuliko urefu wa nyumba, wakikaza kamba. Kamba ikakatika. Alianguka kwa mgongo. Walimbeba wakamweka nyuma ya pikapu kama wanavyobeba gunia, bila kujua kwamba mtu wa namna ile habebwi hivyo, na sidhani kama kuna wa kulaumiwa kwa kutojua. Hospitali kubwa ya Mwanza walituambia uti wa mgongo umeumia na kwamba miguu haitarudi. Shija alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi, si daktari: "Kaka, sasa nitakuwa nafanya nini mchana?"

Nilifanya kile ninachofanya ninapokosa jibu. Nilijipa shughuli.

Nilimnunulia kiti cha magurudumu bila kumuuliza, kizuri, kinang'aa, chenye vigurudumu vidogo mbele vilivyotengenezwa kwa sakafu ya vigae. Unakumbuka kilichotokea siku ya kwanza ya mvua. Kilizama kwenye tope jeusi la mbuga hapo uani hadi tukambeba Shija mikononi na kiti tukakivuta kwa kamba. Tangu hapo bibi yako anakikalia akibangua karanga. Tunacheka sasa. Siku ile Shija hakucheka, na mimi nilikasirika naye kwa kutoshukuru.

Kisha kikaja kidonda makalioni. Mtu asiyehisi kuanzia kiunoni kwenda chini hajui kama amelalia mkunjo wa shuka, na godoro letu lilikuwa limekwisha. Kidonda kilianza kama wekundu wenye ukubwa wa sarafu. Tulipokuja kukiangalia vizuri, ngumi ingeingia. Kwenye zahanati wakasema anahitaji godoro maalumu na dawa za kusafishia, na ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kugeuza tuliweza. Godoro hatukuliweza.

Nikaanza kuomba, Minza. Sikujua kama kuomba ni kazi ngumu namna ile. Niliandika barua kwa mkono wangu wa ualimu, zina kichwa cha habari na mstari chini yake, nikazipeleka ofisi hii na ile. "Mwalimu, njoo Jumatatu." Jumatatu nikakuta mhusika amesafiri. Kanisani walinipa dakika moja baada ya matangazo, ilikuwa msimu wa kujenga ukuta, watu walikuwa wamechoka kutoa. Wengine waliahidi kwa sauti, wakaandikwa majina, wakapigiwa makofi, na baada ya wiki simu zao zikawa hazipatikani. Mzee mmoja wa ukoo wetu, wala si mtu mbaya, aliniambia ukweli wake: "Mayunga, miguu hairudi. Sasa hela ni za nini?" Nikarudi nyumbani nikifikiri kwamba Shija angekufa siku ile alipoanguka, watu hao hao wangechanga jioni hiyo hiyo, sanda, jeneza, mchele, maturubai, vyote. Msiba una siku zake, na harusi ina kadi. Mtu aliyepooza na anaishi hana siku yake. Anaishi tu, na kuishi kwake kunahitaji pesa kila mwezi.

Nikamweleza mwalimu mwenzangu haya yote. Akasema: "Maneno matupu hayatoi hela siku hizi. Weka picha watu waone."

Jioni ile mama yako alikuwa anamsafisha Shija kidonda. Amelala kifudifudi, uso ameugeuzia ukutani. Wewe umeshika beseni la maji ya chumvi. Simu yangu ilikuwa kwenye kigoda, ndiyo ile uliyozoea kumfungulia Shija muziki. Mama yako akakutuma maji mengine, yeye akainama kutafuta pamba. Nikaichukua simu nikapiga. Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Nikatoka nje nikaituma kwenye grupu la walimu, grupu la ukoo, na grupu la tuliosoma pamoja, na chini yake nikaandika maneno ambayo hata leo sitaki kuyarudia.

Pesa ilikuja usiku huo huo. Huo ndio ubaya wenyewe: ilifanya kazi.

Siku ya tatu yake, mpakizi mmoja rafiki wa Shija alikuja kumwona. Kijana mwema, amebeba soda mbili na maembe. Akamwambia, "Pole sana ndugu yangu, tuliiona kwenye grupu, tumeumia," na akamwonyesha, akidhani Shija anajua.

Kilichofuata unakikumbuka, lakini naomba unisikilize nikikisimulia kwa upande wangu. Shija aliita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. "Nani kanipiga picha?" Bibi yako akatoka jikoni, akafika mlangoni, akafikiri muda mfupi tu. Nani anashika simu nyumba hii? Minza. Akakuvuta mkono. Ukasema, "Si mimi, bibi. Haki ya Mungu si mimi." Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, Minza. Ukaniangalia. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Na mimi, baba yako, nikatikisa kichwa nikasema, "Watoto wa siku hizi."

Maneno manne. Nimefundisha watoto wa watu miaka ishirini kusema kweli.

Bibi yako alikuchapa. Shija akasema usiingie tena chumbani kwake. Ninyi wawili mlikuwa mnacheza drafti kila jioni kwa vifuniko vya soda, ukimshinda anadai umeiba, nyumba nzima inasikia. Baada ya siku ile nilikuona unaweka sahani ya ugali mlangoni kwake, unagonga mara moja, unaondoka. Wiki tatu. Niliona kila siku, na kila siku nilijiambia kesho nitasema.

Usidhani niliungama kwa wema. Niliogopa. Godoro lilikuwa limefika kutoka Mwanza, limeegemezwa ukutani na nailoni yake, na Shija alikataa kulilalia. Mama yako alimbembeleza, bibi yako akalia. Alijibu jambo moja tu: "Hilo limenunuliwa kwa makalio yangu. Silali." Na kidonda kikawa kinazidi. Homa ikaanza kumpanda jioni. Nikaona wazi kwamba nitamzika mdogo wangu na godoro likiwa bado jipya ukutani.

Nikaingia, nikafunga mlango, nikamwambia. "Shija, ni mimi. Mtoto hana kosa."

Nilitegemea atatukana. Akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Na Minza umemfanyaje?"

Nikaanza kuchezea nailoni ya godoro.

"Wiki tatu nimemfukuza mtoto wa watu," akasema. "Nawe umetazama."

"Nisamehe."

"Mimi nimepigwa picha sijavaa nguo, kaka. Hilo tutalimaliza mimi na wewe, tumezaliwa tumbo moja. Lakini la mtoto, utamwambia mwenyewe. Mimi simwambii. Hiyo ni kazi yako." Akageuza uso kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile. "Godoro nitalalia. Ila kuanzia leo, picha yangu naitoa mimi. Na nikiomba, naomba mwenyewe, nikiwa nimevaa shati."

Ndiyo sababu jioni ile ulisikia anakuita ulete drafti. Ulikimbia. Hukuuliza kwa nini, na hukuambiwa. Kwa bibi yako na mama yako nilisema siku iliyofuata. Bibi yako alikwenda kukununulia viatu vyekundu, na wewe ukadhani ni vya sikukuu. Waliniachia mimi neno lenyewe, na mimi nikaliacha mwaka baada ya mwaka. Kila nilipotaka kusema niliona unacheka, nikaogopa kukuharibia. Huo ulikuwa uongo mwingine. Niliogopa utakavyoniangalia.

Basi nimesema sasa. Ile picha niliipiga mimi, nikaituma mimi, na nikakuacha uchapwe kwa ajili yangu. Nisamehe, mayu, mama yangu.

Yaliyofuata mengi unayajua kwa sababu ulikuwepo, ila hukuona nilichokiona mimi.

Kidonda kilichukua miezi mingi kufunga, lakini kilifunga. Fundi wa baiskeli wa hapa mtaani alimtengenezea Shija baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, matairi mapana, mdogo wangu akiwa amekaa pembeni anamwelekeza kila kipimo. Ilitoka yenye sura ya ajabu, na ikapita kwenye tope la mbuga. Siku moja mtaalamu wa viungo wa hospitali akamwambia kuna dada Mwamanyili, anaitwa Holo, mshonaji, alianguka na bodaboda akapooza, hatoki ndani mwaka wa pili na vidonda vimeanza. Shija akafikiri siku mbili. Kisha akatutangazia tukiwa tunakula: "Msimu huu wakianza kulipwa pamba, natoka hapa naenda kwa Holo kwa mikono yangu. Siku tatu. Anayetaka kuchanga achange nikiwa barabarani. Anayetaka kutembea nami, atembee."

Mimi nikaanza hapo hapo. Nitaandika barua, nitatafuta mgeni rasmi, tutampiga Holo picha ya heshima tu...

"Umemuuliza Holo?" akasema.

Akachukua simu mwenyewe. Ulikuwa umekaa karibu yake, ulisikia. "Dada Holo, nikija kwako na watu, utakubali?" Yule dada akauliza watu wangapi. Shija akasema hajui. Holo akasema, "Basi wasiingie ndani. Nitatoka mimi nje."

Nataka ujue kwamba yale maandalizi yalinifundisha kuliko chuo cha ualimu. Mgeni rasmi alikubali, akaahirisha, akakubali, na asubuhi yenyewe akatuma mtu wa kusema ana udhuru. Fulana tulizoahidiwa hazikuja. Mtaalamu wa viungo alitukubalia kwa masharti makali: kila nusu saa Shija asimamishe baiskeli, ajiinue kwa mikono kutoka kwenye kiti damu ipite, na kila jioni ngozi yake ikaguliwe. Tulitoka Bariadi watu kumi na mmoja tukiimba. Tulipofika Dutwa jioni tulibaki wanne: Shija, fundi wa baiskeli, mimi na wewe na viatu vyako vyekundu vilivyokuwa vimeanza kukubana. Kikapu cha michango kilikuwa kwenye mpini wa mbele. Sikutaka kukiangalia.

Siku ya pili mnyororo ukakatika kwenye kilima. Jua limekaza. Fundi amepiga magoti anatafuta pini kwenye vumbi, Shija anajiinua na kushuka, anajiinua na kushuka, jasho linamtiririka hadi kwenye kola ya lile shati jeupe. Nilikuwa nimeamua kusema turudi. Neno lilikuwa mdomoni, Minza. Ndipo likapita lori la pamba, limejaa, wapakizi wamekaa juu kabisa. Likapita, likapunguza mwendo, likasimama mbele.

Wakateremka wanne. "Mwadila," wakatusalimia. Tukaitika. Mmoja akamsogelea Shija, akamwangalia. "Wewe si ndiye Shija? Wa ile kamba?"

"Ndiye mimi."

Wote wakasogea. Nimeona watu wakimhurumia mdogo wangu miaka yote hii, najua uso wa huruma ulivyo. Zile hazikuwa nyuso za huruma. Wale walikuwa wanajiangalia wao wenyewe, maana dakika mbili zilizopita walikuwa wamekaa juu ya magunia yale yale, na watapanda tena. Yule wa kwanza akauliza, "Unakwenda wapi namna hii?" Shija akamweleza habari za Holo. Hakumwambia habari zake mwenyewe hata kidogo. Wakatoa ujira wao wa safari ile wakaweka kwenye kikapu, na dereva akaongeza. Fundi akaunga mnyororo, na dereva akawapigia simu wenzake wa huko mbele.

Tulipofika Lamadi siku ya tatu, walikuwa wanatungoja. Wapakizi, vijana wa bodaboda, wanawake wa samaki na mabeseni yao kichwani, wavuvi. Watu ambao migongo yao ndiyo shamba lao. Mama mmoja wa samaki aliniambia, "Mwalimu, mimi sitoi kwa sababu ya huyo kijana. Natoa kwa sababu mume wangu anapanda mitumbwi." Nilikuwa nimepoteza mwaka mzima nikiwaomba wenye ofisi na kuwatia watu simanzi. Sikuwahi kuwauliza hawa.

Tukaingia Mwamanyili watu wengi hivi kwamba sikuweza kuhesabu. Na Holo alikuwa nje. Amevaa kitenge cha bluu, amesukwa, amejipaka poda, amekaa kwenye kiti cha plastiki, wamemfunga kwa khanga kifuani asianguke. Shija akasimamisha baiskeli mbele yake. Sote tukangoja maneno makubwa. Holo akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Mmechelewa. Chai imepoa."

Ulicheka kuliko watu wote. Shija naye akacheka, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Sitaki uende ukidhani kila kitu kilikaa sawa. Godoro la Holo tulinunua wiki ile, kiti chake kikafuata baada ya mavuno mengine, chenye matairi ya kwetu safari hii, naye ndiye aliyekichagua. Nusu ya ahadi hazijalipwa hadi leo. Mpaka sasa ninachotafuta kwa shida kuliko chochote ni mipira ya kupitishia mkojo ya hao wawili, kwa sababu huisha kila mwezi na hakuna anayetembea siku tatu barabarani kwa ajili ya mpira wa mkojo. Lakini Holo anashona kwa cherehani ya mkono, na wateja wanamlalamikia kwamba anachelewesha kazi, malalamiko ambayo anayapenda sana. Safari ile sasa ni ya kila msimu, na mwaka huu waliotoka na baiskeli za mikono walikuwa wanne. Mmoja ametoka Bukundi, na mke wake alitembea pembeni akimgombeza njia nzima asiende mbio.

Sikufundishi uuguzi, utafundishwa na wanaoujua. Ila utafika kwenye wodi, utamkuta mtu amelala uso ukutani, na utakuwa na nia njema kama niliyokuwa nayo mimi. Nia yangu ilikuwa njema kweli, na ndiyo iliyonipofusha. Zungukia upande ule alikoelekeza uso. Muulize. Na ukikosea, maana utakosea, usikae wiki tatu kama mimi, sembuse miaka mitano. Kila siku niliyongoja, neno liliongezeka uzito, na mwisho nimeshindwa kulitamka kwa mdomo, nimelazimika kuliandika.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche chini ya nguo zako, uikute ukiwa Mbeya. Nimefikiri tena. Ungeisoma peke yako, ukiwa umechoka na safari, na mimi niko huku mbali, salama. Hiyo ingekuwa kusimama mlangoni na kunyamaza kwa mara nyingine.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi tu, kabla ya chakula. Kaisome chumbani kwako. Mimi nitakuwa nimekaa uani, na sitaondoka hapo. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze. Ukitaka kukaa kimya, njoo tukae kimya. Ukitaka kuniuliza lolote, safari hii nitajibu.

Nasikia lango. Ni wewe.

Baba yako,
Mayunga